Jamaa ya Tytonidae: jina moja la bundi, matawi mawili ya ukoo

1. Jina na tatizo lake

Msemaji wa Kiswahili, awe wa Lubumbashi au wa Bukavu, humwita bundi kila ndege mla nyama arukaye usiku, mwenye uso bapa na macho yatazamayo mbele. Kwa mtaalamu wa viumbe, jina hilo moja linafunika jamaa mbili zilizotengana tangu zamani sana, zote za oda ya Strigiformes. Jamaa kubwa ni Strigidae, yenye spishi zaidi ya 200; ndogo ni Tytonidae, yenye spishi zipatazo 20.

2. Alama za jamaa

Tytonidae hutambulikana kwanza kwa uso wenye umbo la moyo. Pili, miguu yao ni mirefu. Tatu, ukucha wa kidole cha kati una meno madogo mfano wa kitana, nao hutumika kusafishia manyoya. Ajulikanaye zaidi ni yule alalaye katika mapaa ya nyumba na minara ya makanisa. Scopoli alimwita Strix alba mwaka 1769. Mwaka 1828 Billberg aliunda jenasi Tyto, ndipo likapatikana jina Tyto alba. Neno la kwanza latoka Kigiriki, maana yake bundi. La pili ni la Kilatini, maana yake nyeupe.

Jamaa hii hugawanyika katika jenasi mbili: Tyto, iliyoenea karibu dunia nzima, na Phodilus, ambayo makao yake yasiyo na ubishi ni misitu ya Asia.

3. Bundi wa Itombwe

Ubishi umo Kongo. Mwaka 1951 ndege mmoja alipatikana katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini. Mwaka 1952 Schouteden alimwita Phodilus prigoginei, kwa heshima ya Alexandre Prigogine, mchunguzi wa ndege za nchi hiyo. Kwa miaka zaidi ya arobaini kielelezo hicho kilikuwa peke yake, hata mwaka 1996 aliponaswa mwingine kwa wavu huko huko Itombwe, akapigwa picha na kuachiliwa.

Je, kweli ni Phodilus? Wataalamu kadhaa wameona kuwa umbo lake halilingani vya kutosha na la yule wa Asia, na baadhi ya orodha sasa humwandika Tyto prigoginei. Mwanaisimu hatashangaa. Guthrie aliipa Kiswahili alama G42, lakini herufi ya kanda huonyesha mahali pa lugha kuliko nasaba yake. Jina la jenasi, kinyume chake, ni dai la ukoo. Ushahidi ukibadilika, nalo hubadilika.

4. Hitimisho

Mahali pengi bundi huhesabiwa kuwa mjumbe wa kifo au wa wachawi, naye huuawa aonekanapo, ingawa Tyto alba hula panya waharibuo mavuno. Anayetupa jiwe hatofautishi jamaa na jamaa, kwa kuwa lugha yake haikumpa njia ya kutofautisha. Neno bundi litaendelea kutumika. Linalokosekana ni kivumishi cha kumtenga ndege wa Itombwe, ambaye akitoweka huko hajulikani kwa hakika kwingine.