Winga wa Mwakitolyo mbona yuko gizani?

PIGA picha ya mechi ya ndondo pale Mwakitolyo, Shinyanga, saa 11 jioni jua likiwa limelegea. Straika wa katikati anang'aa kama dhahabu iliyotoka kuoshwa. Winga aliye karibu na kibendera cha kona? Yuko gizani.

Usimlaumu dogo, wala jua. Ni lenzi. Mwanga wa katikati ya picha unaingia umenyooka. Wa pembeni unaingia kwa upande, na njiani kuta za lenzi yenyewe zinaukata. Ndiyo maana pembe za picha zinafifia.

Tatizo linazidi lenzi ikifunguliwa yote, mfano f/2.8, na jioni mpiga picha hana ujanja, lazima afungue. Akibana hadi f/5.6 pembe zinapata nafuu, ila mwanga unabaki robo. Shata ya 1/1000 inashuka hadi 1/250, na hapo miguu ya winga inakuwa ukungu mtupu. La sivyo apandishe ISO kutoka 800 hadi 3200, picha ijae chenga, na siyo zile za uwanjani.

Dawa ya bure ipo: kagua kofia ya lenzi kama imekaa sawa, kisha mgeuzie winga kamera, awe katikati.

Unaona ni jambo dogo? Kwa kijana wa Mwakitolyo anayeota kucheza Kambarage na Stand United, picha ndiyo barua yake ya maombi. Kocha hawezi kusajili kivuli.