Hesabu meno kabla ya kulipa

Papa mmoja muuza vitenge alinijia asubuhi na boksi la biskuti lililofungwa kamba. Nilipofungua nikakuta mtoto wa mbwa, mweusi, tumbo limejaa kama ngoma, miguu ya nyuma imelowa kwa kuhara. "Dokta, nimemnunua jana jioni barabarani," akasema. "Ni berje wa kweli, wale mbwa wakubwa wa kulinda, ana miezi mitatu. Lakini usiku kucha alikuwa analia tu." Wiki hiyo wezi walikuwa wamevunja nyumba ya jirani yake. Alipokutana na kijana mwenye boksi hakuuliza mengi, akatoa pesa.

Nilimfungua mdomo yule mtoto. Ni kazi ya nusu dakika, na mnunuzi yeyote anaweza kuifanya palepale barabarani. Meno ya utoto huanza kuchomoza mbwa akiwa na wiki tatu hivi, na akifikisha wiki sita hadi nane yote 28 yako mahali pake. Kuanzia mwezi wa nne hung'oka moja moja kupisha meno 42 ya ukubwani. Huyu alikuwa na meno madogo ya mbele na chonge zilizochungulia, magego hakuna hata moja. Macho yake bado yalikuwa na ule ubuluu wa uchanga. Wiki nne, tukizidisha sana tano.

"Papa, huyu alitakiwa awe bado ananyonya," nikamwambia. Akakaa kimya, kisha akauliza kama angekuwa tayari kulinda nyumba mwezi ujao.

Hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, nakutana na mbwa wa namna hii mara mbili. Mara ya kwanza yumo kwenye boksi. Mara ya pili ana miezi minane, amefungwa waya shingoni, na mwenye mbwa ananiuliza kama namjua mtu wa kumchukua, au kama nina sindano ya kummaliza. Nikiuliza historia ya yule wa pili, karibu kila mara narudishwa kwenye boksi. Ndiyo maana naandika juu ya kununua kabla ya kuandika juu ya kutupa.

Simlaumu anayenunua kwa hofu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wamezika ndugu waliouawa kwa mapanga na risasi, na tangu Mei 2021 jimbo letu la Kivu Kaskazini liko chini ya utawala wa kijeshi. Mjini nako kuna wezi wenye bunduki. Mtu anayelala akisikiliza kila hatua nje ya lupango, yaani ua wa nyumba yake, anatamani sikio la pili, na mbwa ni sikio zuri. Lakini hofu ni ya leo, na mbwa wa kulinda hupatikana baada ya mwaka hivi. Anayenunua mtoto wa wiki nne ili alale usingizi usiku huo amenunua kilio, minyoo na kazi.

Tuanze na minyoo. Yule wa Papa alitoa minyoo mirefu myeupe kama tambi mara tu baada ya dawa, na hakuiokota barabarani. Minyoo mviringo ya mbwa hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto akiwa bado tumboni, na mingine humfikia kwa maziwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anapaswa kupewa dawa akiwa na wiki mbili, kisha ya nne, ya sita na ya nane, na mama yake atibiwe pamoja naye. Mayai ya minyoo hii yakiingia kwenye udongo wanakocheza watoto wetu, nao huweza kuyameza, na viluwiluwi vyake vikafika hadi machoni.

Kisha kuna parvo, ugonjwa wa kuhara damu uliojitokeza duniani mwaka 1978. Virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Mtoto aliyenyonya vizuri siku za kwanza huwa na kinga ya mama, lakini kinga hiyo hupungua polepole, ndiyo maana chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Nimeona familia ikipoteza mtoto wa mbwa kwa parvo, ikanunua mwingine kesho yake kwa huruma ya watoto, ikamweka kwenye banda lilelile. Wa pili naye alikufa.

Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, nayo ina historia inayotugusa. Mbwa wa misitu ya Kongo, wale wadogo wenye mkia uliojikunja ambao Wazungu huwaita basenji, hawabweki kama mbwa wengine. Wawindaji huwafunga kengele za mti shingoni ili wajulikane walipo. Mwaka 1895 jozi moja ilionyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa yaliyokuwa yakifanyika London wakati huo, na wote wawili wakafa kwa distempa muda mfupi baadaye. Ilibidi kungoja miaka ya 1930 ndipo wengine wakastawi kule Uingereza. Mbwa wa asili yetu ana uvumilivu mwingi, lakini hana kinga ya ugonjwa ambao mwili wake haujawahi kukutana nao. Wanaoniambia "huyu ni wa kienyeji, hahitaji sindano" wakumbuke wale wawili.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawajasikia kabisa ni hili la umri wa kuzoea watu. Mwaka 1961 watafiti wa maabara ya Jackson, jimbo la Maine huko Marekani, walichapisha jaribio lao. Walilea watoto wa mbwa pamoja na mama zao ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio, wakiwapa chakula bila kuonekana. Baadhi walitolewa wakiwa na wiki mbili, wengine tatu, tano, saba, tisa, wakakaa na watu wiki moja. Kundi la mwisho halikuguswa na mtu mpaka wiki ya 14. Waliotolewa kati ya wiki ya tano na ya tisa walizoea watu vizuri. Wale wa wiki ya 14 walibaki kama wanyama wa porini. Hata walipofundishwa baadaye kwa subira, woga haukuisha.

Yaani kati ya wiki ya tatu na ya 12 hivi mbwa anaandika orodha ya vitu vya kawaida duniani: watu wazima, watoto wanaokimbia, pikipiki, mbuzi, mwavuli, mama mwenye mzigo kichwani. Kisichoingia humo humtisha siku zote. Na katika wiki hizohizo, akicheza na ndugu zake, hujifunza kupima nguvu ya meno: ukiuma sana, mwenzako analia na mchezo unakwisha. Anayenyang'anywa mama na ndugu katika wiki ya nne hukosa shule hii. Ndiyo maana nasema wiki ya nane ndiyo wakati mzuri wa kumchukua: amefundishwa na mama, na bado kuna wiki chache za kumwonyesha mji.

Sisi tunafanya kinyume. Tunamchukua mapema mno, kisha tunamfunga nyuma ya jiko mchana kutwa tukiamini kwamba mbwa asiyejua watu atakuwa mkali. Mkali atakuwa, lakini ukali wake ni wa woga. Humrukia mtoto wa jirani aliyekuja kuomba maji, na mwizi akitupa jiwe anaingia chini ya gari. Mlinzi mzuri ni yule anayejua sura za kawaida za nyumba, hivyo hushtuka anapoona isiyo ya kawaida. Kule Rumangabo, mbuga ya Virunga ilipoanzisha kikosi cha mbwa wa kunusa mwaka 2011 kwa msaada wa daktari wa mifugo wa Uswisi Marlene Zähner, mbwa walikabidhiwa kwa walinzi waliozoezwa pamoja nao siku baada ya siku. Kazi yote ilijengwa juu ya kuaminiana.

Basi anafika miezi minane. Anakula kama mtu, na bukari, ugali wetu, imepanda bei. Anatafuna viatu. Akiwa jike, joto la kwanza linaingia, huchukua kama wiki tatu, na madume ya mtaa mzima yanalala mlangoni yakipigana. Majirani wanalalamika. Asipofungiwa ndani kwa siku zote hizo au kufanyiwa upasuaji wa kuzuia uzazi, baada ya siku 63 hivi kuna watoto watano wengine, na kijana mwingine na boksi lake. Hapo ndipo mwenye nyumba anamwita motari, dereva wa pikipiki, wanampakia mbwa ndani ya gunia na kumwachia mbali kwenye barabara ya Beni, kuelekea Maboya. Watu huniambia haya kwa sauti ya chini, kwa hiyo najua dhamiri yao inajua.

Mbwa aliyetupwa anabaki kuwa mbwa wa mtu fulani, wa yule atakayeumwa naye. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi 99 kwa kila 100, vinatokana na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa akiwa na mwenyewe, anafungwa na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Hili humsaidia daktari kuamua kama sindano ziendelee. Mbwa wa gunia hana wa kumfunga wala wa kumwangalia. Familia inabaki na jeraha la mtoto, safari ya kutafuta chanjo, na usiku wa mashaka.

Hesabu yake ni nyepesi. Ili kichaa kisimame, mbwa 70 katika kila 100 wanapaswa kuwa wamechanjwa. Tuseme mtaa umefikisha 70. Mwaka mmoja baadaye mbwa 30 wamekufa au wametupwa mbali, na nafasi zao zimechukuliwa na watoto 30 kutoka kwenye maboksi, hawajachanjwa. Wenye kinga wamebaki kama 49. Mtaa unaobadilisha mbwa kama viatu hulazimika kuanza kuchanja upya kila mwaka.

Basi asiyeweza tena kumtunza mbwa ampeleke wapi? Nairobi wana KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichoanza mwaka 1910. Kampala kuna chama cha ulinzi wa wanyama chenye makazi ya mbwa wasio na wenyewe. Kwetu makazi hayo ni nyumba ya mtu mwingine, na ufundi wa kumkabidhi mbwa nilifundishwa na mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Oicha, karibu na Beni.

Alikuja na mbwa wa kahawia wa miaka mitatu. Shemeji yake aliyempokea mjini alikataa mbwa asiingie kwake. Mama huyu hakuomba sindano. Alifungua mfuko wa plastiki, akatoa karatasi ya chanjo iliyokunjwa pamoja na karata yake ya uchaguzi, akanieleza bila kuulizwa: jina lake, anaogopa mlio wa pikipiki, bukari na vichwa vya ndakala, wale samaki wadogo, ndicho chakula chake, usimguse akila, hajawahi kuuma mtu. Kisha akafungua kipande cha kitenge alichojifunga kiunoni. "Dokta, alale juu ya hiki mpaka azoee."

Sijawahi kupokea maelezo bora kuliko yale, hata kutoka kwa mtu mwenye nyumba yake. Mbwa alipata pa kukaa kwa mwalimu mmoja wa hapa. Nilimwomba amfungie ndani ya uzio wiki mbili, kwa sababu mbwa hujaribu kurudi alikotoka, na mtu mmoja tu ndiye amlishe siku za kwanza. Ukitaka kumpa mtu mbwa wako, mwambie ukweli wote, hasa ule unaokutia aibu. Ukificha kwamba aliuma, unamkabidhi mwenzako hatari, na mbwa atarudi barabarani mara ya pili.

Yule mweusi wa boksi nilimtenga siku saba, nikihofia parvo. Kijana aliyemuuza hakuonekana tena. Katika komuni ya Mususa kulikuwa na jike mwenye watoto watatu wa umri uleule. Tulimpaka mgeni harufu ya matandiko yao, tukamweka katikati yao wakiwa wamelala. Jike alimnusa, akamlamba masikio, akalala tena. Papa alikubali asimchukue mpaka atimize wiki tisa. Kila Jumapili baada ya misa anapita na vichwa vya samaki kwa ajili ya jike, anachuchumaa na kumfungua mdomo mbwa wake. Juzi alinipigia simu kuniambia magego yameanza kutoka upande wa kushoto. Chanjo yake ya kwanza ni Alhamisi.