Mashina ya Kale katika Msamiati wa Kiingereza

Mwanafunzi apewapo maneno ya Kiingereza "foot", "pedal" na "pedestrian", aghalabu huyakariri moja moja, kana kwamba hayana uhusiano wowote, na mara huyasahau. Kumbe yote yametokana na shina moja la kale lenye maana ya mguu. Mwalimu anayeufahamu ukoo huo aweza kumpunguzia mtoto mzigo.

Mwaka 1786 William Jones, jaji mjini Calcutta, alieleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinafanana mno, hata haiyumkiniki kuwa ni kwa bahati tu. Lazima zina asili moja. Lugha hiyo ya asili, ambayo haikuacha maandishi, huitwa Kihindi-Kiulaya. Mashina yake hujulikana kwa kulinganisha lugha zilizotokana nayo.

Mwaka 1822 Jacob Grimm alifafanua kanuni ya mabadiliko ya sauti. Katika tawi lililozaa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi, p ya kale iligeuka f, t ikawa th, na k ikawa h. Kilatini kilizihifadhi sauti za awali. Ndiyo maana "pater" ya Kilatini, yaani baba, ni "father" kwa Kiingereza, na "tres", yaani tatu, ni "three".

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa, lugha iliyotokana na Kilatini, yaliingia katika Kiingereza. Wanazuoni nao walichota katika Kilatini na Kigiriki. Hivyo shina moja lilipita milango miwili: "foot" ni urithi, "pedal" ni mkopo. Kadhalika "heart" ni urithi, na "cordial" ni mkopo.

Darasani hatuna haja ya kuwasimulia watoto historia hii. Yatosha kuyapanga maneno kwa koo zake, kama wanavyozoea katika Kiswahili: soma, somo, msomaji. Lakini tujihadhari, kwani kufanana si udugu. "Have" na "habere" ya Kilatini zina maana moja, ila hazina shina moja. Kwa kanuni ya Grimm, h ya Kiingereza hulingana na k ya Kilatini. Basi ndugu wa "have" ni "capere", yaani kushika, ambayo ndiyo iliyozaa "capture". Kwa hiyo, kabla ya kuyaweka maneno katika ukoo mmoja ubaoni, yafaa kwanza tuthibitishe asili yake katika kamusi.