Chanjo, siasa na umoja wetu: tuulizane bila kutukanana



Mwezi uliopita wahamasishaji wa afya walipita nyumba kwa nyumba kutangaza chanjo ya surua ya watoto. Kesho yake asubuhi pale bombani kukawa na maneno. Mama mmoja akasema wa kwake hawapeleki. "Sisi kule Butembo tuliona mambo. Walituletea sindano, kura wakatunyima." Mama mwingine, ambaye alizika mtoto kwa surua kule Kivu, akamjibu kwa ukali: "Basi kaa na kura zako, mimi nambeba wangu." Wakarushiana maneno mpaka ndoo zikajaa zikamwagika. Mwishowe mtu mmoja kwenye foleni akatoa lile neno baya: "Nyinyi watu wa upande ule ndivyo mlivyo."

Hapo ndipo sisi tuliposhtuka. Maneno yalianza na sindano, yakaishia kwenye kabila. Na sisi sote hapa tunajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi, ndiyo maana tuko kambini. Kwa hiyo tumeona tuandike. Hatumcheki mama yeyote kati ya hao wawili, maana kila mmoja alisema kitu alichokipitia mwenyewe.

YALIYOTOKEA BENI NA BUTEMBO

Tuanze na yule mama wa Butembo. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Watu wa Beni walikuwa wamechinjwa usiku tangu mwaka 2014, wakilia na dunia ikinyamaza. Mara Ebola ikaingia, na magari yakajaa barabarani, wageni wakajaa hotelini. Watu wakaulizana: mbona tulipokuwa tunauawa kwa panga hamkuja?

Halafu ikaja habari ya uchaguzi. Taifa zima lilipiga kura tarehe 30 Desemba 2018, lakini siku chache kabla, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo watangoje mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Rais mpya aliapishwa Januari 2019, yaani kabla wao hawajapiga kura! Vijana wa Beni wakapanga foleni wakapiga kura yao wenyewe ya mfano, wakinawa mikono kwanza, kuonyesha kwamba inawezekana. Wengine walikasirika wakavamia kituo cha Ebola. Kuanzia hapo wengi wakasema Ebola ni siasa, na chanjo yake ni siasa.

Chanjo yenyewe nayo ilikuwa na maelezo marefu. Ilikuwa haijapata kibali kamili, kwa hiyo ilitolewa kwa utaratibu wa utafiti, na mtu alisaini kwanza. Mwanzoni wajawazito na wanaonyonyesha hawakupewa, mpaka uamuzi ulipobadilishwa mwaka 2019. Jirani anachanjwa, wewe unaambiwa hapana, utafikiri nini? Hata wakubwa hawakukubaliana. Julai 2019 Waziri wa Afya, Dakta Oly Ilunga, alijiuzulu, na moja ya sababu ilikuwa kupinga kuletwa kwa chanjo ya pili.

Lakini tuseme na upande mwingine. Chanjo ile ya kwanza ilisaidia kweli. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, na kibali kilipatikana Ulaya na Marekani mwishoni mwa 2019. Na maneno ya mitaani yaliua. Aprili 2019 watu wenye silaha walimpiga risasi Dakta Richard Mouzoko, raia wa Kameruni, akiwa kazini hospitalini Butembo. Alikuwa amekuja kutusaidia sisi. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

HALAFU IKAJA KORONA

Aprili 2020 wataalamu wawili wa Ufaransa walizungumza kwenye televisheni juu ya kujaribu chanjo Afrika. Afrika nzima ikawaka moto. Siku hizo hizo Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtu aliyepambana na Ebola tangu 1976, akasema Kongo iko tayari kushiriki majaribio ya chanjo. Weee! Matusi yakamwangukia mpaka ikabidi aeleze tena kwamba hatakubali Wakongo wafanywe panya wa maabara.

Machi 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca. Lakini kule Ulaya zilisikika habari za damu kuganda, kwa hiyo serikali ikasimamisha kwanza. Chanjo ilianza tarehe 19 Aprili. Watu waliojitokeza walikuwa wachache, na dozi zilikuwa na tarehe ya kuharibika, hivyo karibu milioni 1.3 zikarudishwa ili zipewe nchi nyingine. Rais Tshisekedi mwenyewe alisema alikuwa na mashaka na AstraZeneca. Alichanjwa Septemba 2021, kwa chanjo ya aina nyingine. Sasa kama rais anasita, mama wa kijijini afanye nini?

Wala si Kongo peke yake. Ndugu zetu Warundi wanakumbuka Mei 2020, serikali ilipowafukuza wakuu wa Shirika la Afya Duniani siku chache kabla ya uchaguzi. Mwisho wa Juni mwaka huo huo, Rais mpya Ndayishimiye akasema Korona ni adui mkubwa wa nchi. Chanjo zilifika Burundi Oktoba 2021. Tanzania nako, Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Alifariki Machi mwaka huo, na tarehe 28 Julai Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Mbunge wa chama chake mwenyewe, Askofu Josephat Gwajima, aliendelea kuzipinga mimbarani.

Mnaona, jamani? Nchi tatu, na kila mahali raia waliambiwa hivi leo, kesho vile. Aliyeuliza aliitwa adui wa taifa, na aliyechanjwa aliitwa kibaraka wa wazungu. Umoja wa namna hiyo, wa kufungana midomo, haudumu. Watu wakikosa mahali pa kuuliza, wanaulizana gizani, na gizani ndiko uongo unakozaliwa.

USALAMA WA CHANJO: UKWELI NI UPI?

Tusidanganyane. Hakuna dawa isiyo na madhara hata kidogo. Habari ya damu kuganda ilikuwa ya kweli: Ulaya, mwaka 2021, ilionekana kwa mtu 1 hivi katika kila watu 100,000 waliochanjwa AstraZeneca. Wapo waliokufa. Lakini Korona yenyewe iliua watu wengi zaidi, hasa wazee, ndiyo maana wataalamu wengi walisema faida inazidi hatari. Waliouliza hawakuwa wajinga. Kosa lilikuwa kuambiwa "nyamaza" badala ya kuambiwa hesabu hiyo waziwazi.

Na jambo kubwa zaidi: chanjo si kitu kimoja. Ya Ebola ni yake, ya Korona ni yake, ya surua ni yake. Ya surua imetumika tangu miaka ya 1960. Wengi wetu tulichomwa tukiwa wadogo, tukalia, tukaendelea kucheza. Mtoto anaweza kupata homa kidogo au vipele siku chache baadaye, halafu vinaisha. Kuikataa ya surua kwa sababu ya ugomvi wa AstraZeneca ni sawa na kukataa maharage kwa sababu samaki alikuharibu tumbo.

SURUA HAIKUNGOJA

Sasa twende kwa mama wa pili. Mwaka 2019, wakati dunia nzima inatazama Ebola na sisi tunabishana, surua ilikuwa inapita kimya kimya katika mikoa yote ya Kongo. Wagonjwa walikadiriwa kuwa zaidi ya 310,000, na waliokufa walizidi 6,000. Linganisheni na wale 2,287 wa Ebola. Wengi walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hawa hawakuwa na chama wala kadi ya kura. Walikosa chanjo kwa sababu nyingi: vita, barabara mbovu, dawa kuchelewa, na hofu pia.

Kambi kama yetu, nyumba zimebanana na watoto wanalala wanne kwenye mkeka mmoja, surua ikiingia haina mchezo. Inaruka kutoka nyumba hadi nyumba bila kuuliza huyu ni wa upande gani.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, ulizeni. Ukifika kliniki, muulize muuguzi: hii ni chanjo ya nini? Nimtazamie mtoto dalili gani? Nikiona kitu kibaya nirudi kwa nani? Ni haki yako kujibiwa kwa lugha unayoielewa. Na nyinyi wauguzi na wahamasishaji, tunawaomba kwa heshima: msimfokee mama anayeuliza.

Pili, mtunze kadi ya mtoto. Iwekeni kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za familia. Kama imepotea au imeungua, semeni tu, msikae nyumbani kwa aibu. Kurudia chanjo ya surua hakumdhuru mtoto.

Tatu, akina baba, msiwaachie akina mama peke yao. Mara nyingi mama anataka kwenda, baba anasema hapana kwa sababu ya habari aliyosikia kwenye simu. Twendeni wote wawili, tuulize wote wawili.

Nne, tubishane juu ya sindano, tusibishane juu ya kabila. Mtu anayekataa leo anaweza kukubali kesho kama hujamtukana. Ukimtukana, umefunga mlango.

Mtataka kujua yale ya bombani yaliishaje. Bibi mmoja mzee wa kijiji chetu aliwaita wale mama wawili nyumbani kwake, akawapa chai. Yule wa Butembo alieleza habari za kura mpaka mwisho, hakuna aliyemkatiza. Yule mwingine alieleza habari za mtoto wake. Siku ya chanjo tuliwaona wote wawili kwenye foleni, mmoja amembeba mtoto wa mwenzake. Yule wa Butembo akatuambia: "Msiandike kwamba nimeshawishika. Andikeni kwamba nimesikilizwa."

Basi tumeandika. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.