Ukibana Tumbo Jukwaani, Sauti Hukosa Pumzi

Mwaka 2004 Deborah Voigt, mwimbaji wa opera kutoka Marekani, aliondolewa kwenye onyesho la Ariadne auf Naxos katika ukumbi wa Royal Opera House, London. Sauti yake haikuwa na kasoro. Waandaaji walitaka mhusika avae gauni dogo jeusi, na waliona mwili wa Voigt haulifai. Mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji wa tumbo ili apungue, na 2008 akarudi kuimba nafasi ileile.

Wasanii wengi hawasubiri kuambiwa. Hujihukumu wenyewe wakiwa bado nyuma ya pazia. Mtazame mwimbaji anayeona haya kwa sababu ya kitambi: akishapanda jukwaani anabana tumbo, anainua mabega, anavutavuta blauzi kila baada ya ubeti. Sasa, kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka mtu anapovuta pumzi, na kikishuka husukuma vilivyomo tumboni kwenda chini na mbele. Ndiyo maana tumbo la anayepumua vizuri hutuna. Ukilibana, kiwambo hakina pa kwenda. Pumzi inaishia juu kifuani, na noti ndefu inakatika njiani. Mkanda wa kubana tumbo unaovaliwa chini ya gauni hufanya hivyohivyo, tena bila kuchoka. Ongeza hofu yenyewe: adrenalini hukimbiza moyo, hukausha mdomo na kukaza misuli ya shingo, jirani kabisa na zoloto.

Wala wembamba peke yake hauleti pumzi. Voigt mwenyewe, baada ya kupungua, alieleza kuwa ilimbidi akumbuke kutanua mbavu, jambo ambalo zamani lilikuja lenyewe.

Akili nayo hulemewa. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Barbara Fredrickson na wenzake walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walivaa ama vazi la kuogelea au sweta, kila mmoja peke yake mbele ya kioo, kisha wakafanya hesabu. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya zaidi. Hakuna aliyekuwa akiwatazama. Walikuwa wakijitazama wenyewe. Jukwaani akili hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kukumbuka maneno na kumfuata mpiga kinanda.

Tumezoea kufarijiana kwamba hakuna anayekuangalia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwavika wanafunzi fulana ya kuwatia aibu, yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow. Wavaaji walidhani karibu nusu ya waliokuwa chumbani wamemtambua; ukweli ulikuwa kama robo. Kwa abiria wa daladala, hiyo ni faraja. Kwa msanii, nina shaka nayo. Taa zimemwelekea yeye, na kwenye taarab watu huinuka vitini wakamfuata hadi alipo kumtunza. Anaonekana, basi.

Kinachosaidia zaidi ni kuielekeza akili kwenye kazi: neno linalofuata, mdundo, pumzi inayotoka polepole kuliko ilivyoingia. Mazoezi yafanywe na vazi lenyewe la onyesho, ili lisiwe geni siku yenyewe. Anayeruka milo, anayejitapisha au anayemeza vidonge vya kupunguza uzito aende hospitali. Hayo yameshavuka mipaka ya woga wa jukwaa. Na fundi cherehani amwambie msanii avute pumzi, ajaze mbavu, aachie tumbo, ndipo azungushe futi.