Mtoto anayeogopa kusema si mjinga



Tulikuwa na binti mmoja darasani. Katika daftari majibu yake yalikuwa mazuri, lakini tukimwita ubaoni alitetemeka, jasho likamtoka, sauti ikapotea. Sisi walimu tulimwita mkaidi, tukamwadhibu. Basi kila siku ya maulizo tumbo likamuuma, mwishowe akaacha masomo. Tulikosa.

Haya kidogo si kitu kibaya. Lakini hofu ya kutazamwa na kuchekwa, ikimzuia mtu kusoma, kuuza sokoni ao kusema katika kikundi cha mama, hiyo ni ugonjwa. Na inatibika.

Mwaka 2006, huko Uswidi, Gerhard Andersson na wenzake walitangaza matokeo ya matibabu kwa njia ya kompyuta. Watu 64 wenye hofu hiyo waligawanywa mafungu mawili: wamoja walitibiwa juma 9, wengine walingoja zamu yao. Waliotibiwa walisoma masomo kwenye intaneti, wakaandika mawazo yanayowatisha, kama vile «wote watanicheka», kisha wakachunguza kama ni kweli. Mtu aliyewatibu aliwajibu kwa barua za kompyuta. Mara mbili walikutana ana kwa ana kujizoeza yale waliyoogopa. Hofu yao ilipungua kuliko ya wale waliongoja.

Tunaona nini hapo? Mashine ilibeba masomo tu. Dawa yenyewe ilikuwa kukaribia kinachoogopesha, pole pole, na kuwa na mtu anayekufuata. Mambo hayo mawili hayaombi umeme.

Nyumbani tunaweza kuanza hivi:

1. Tumuulize mtoto anaogopa nini kitatokea. Tusimcheke.

2. Tupange ngazi naye. Kwanza amsalimie jirani. Halafu aende dukani kununua chumvi na kuuliza bei mwenyewe. Kisha asome kwa sauti mbele ya dada yake, halafu mbele ya watoto watatu. Ubao uje mwisho.

3. Arudie kila ngazi mpaka hofu ishuke, ndipo apande ingine.

4. Tusijibu mahali pake. Akikimbia kila mara, hofu inakomaa.

5. Tusiseme mbele ya wageni: «Huyu ana haya.» Neno hilo linamfunga.

6. Tumwambie mwalimu wake. Nasi walimu tuache fimbo na kicheko; tumpe kwanza swali ambalo jibu lake analijua.

Na mama anayenyamaza kila mkutano, tumpe kazi ndogo: kuhesabu waliofika, juma lijalo kusoma majina yao.

Hofu ikizidi, mtoto akikataa kabisa kutoka ao kula, tumpeleke kituo cha afya.

Binti yule hakurudi kwetu. Lakini kesho asubuhi, katika darasa fulani, mwingine kama yeye ataitwa ubaoni. Tusimwache peke yake.