Gari Bovu Lina Mali na Lina Sumu: Utaratibu wa Kulichambua

Gari lililoachwa nyuma ya gereji au uani kwa miaka huonekana kuwa chuma kitupu. Hata hivyo, ndani yake bado mna betri, oili, mafuta ya breki na maji ya rejeta. Kutu ikishatoboa bodi, mvua za masika huvisomba vimiminika hivyo hadi ardhini. Kwa kuwa mji wa Mugumu hupata maji kutoka Bwawa la Manchira, na wapo wakazi wanaochota visimani, mahali gari linapochambuliwa si jambo la mwenye gari peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji.

Kazi ianze kwa kutoa betri. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na maji yake ni asidi inayounguza. Vumbi la risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa hiyo betri isipasuliwe nyumbani wala asidi yake isimwagwe. Ihifadhiwe ikiwa nzima, imesimama, mahali pakavu, hadi ichukuliwe na mnunuzi mwenye kibali.

Hatua ya pili ni kukinga vimiminika, kila kimoja katika chombo chake chenye mfuniko. Oili chafu iliyochanganywa na petroli au maji ni vigumu kuisafisha ili itumike tena. Desturi ya kuipaka kwenye nguzo za uzio ili kuzuia mchwa nayo iachwe, kwani mvua huiosha na kuirudisha ardhini.

Tairi lililotupwa hutuama maji na kuzaa mbu, na likichomwa hutoa moshi wenye sumu. Nyaya pia zisichomwe ili kupata shaba. Ganda lake livuliwe kwa kisu. Tairi hilohilo, mikononi mwa fundi, huwa makatambuga, na springi humpa mhunzi chuma kizuri cha panga.

Kinachosalia ni bodi na injini, ambavyo huyeyushwa viwandani na kuwa nondo na bidhaa nyingine. Vyuma hivyo viuzwe kwa mfanyabiashara mwenye kibali cha kukusanya vyuma chakavu, na muuzaji adai risiti. Kabla ya kuuza, mmiliki awasiliane na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kuhusu kufuta usajili, ili namba ya gari lake isije ikatumiwa na mwingine.

Mwananchi anayeona oili au asidi ikimwagwa karibu na kisima, mto au bwawa anaombwa kutoa taarifa mapema katika ofisi ya Mtendaji wa Kata au kwa Afisa Afya wa Kata.